Siku Tano za Darasa la Tatu: Mwongozo kwa Mwalimu wa Mazoezi Asiyejua Kinachomsubiri

Mwongozo huu ni wako wewe mwanachuo uliyetoka Butimba, au chuo kingine chochote cha ualimu, na mkononi una barua ya kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule ya msingi ya serikali mahali fulani Mwanza, kati ya Igogo na Kayenze. Begi lako lina maandalio ya somo yaliyopigwa mistari kwa rula. Kichwa chako kina saikolojia ya elimu. Unaamini kwamba Jumatatu unakwenda kulifundisha Darasa la Tatu. Darasa la Tatu lina mawazo mengine. Watoto hawa huletewa walimu wa mazoezi mwaka hadi mwaka, na wamewafunza kazi wengi kabla yako, tangu wakiwa awali. Wewe ndiye mgeni katika fani.

KABLA YA JUMATATU

Nunua kalamu nyekundu, zaidi ya moja. Nunua na chaki zako, maana za shule zina mwenyewe na mwenyewe ana ufunguo. Viatu viwe vya soli isiyoteleza: Mwanza imejengwa juu ya mawe, na njia ya kutoka getini hadi darasani inaweza kupita juu ya jabali ambalo watoto wamelisugua kwa makalio kwa miaka mingi hadi likang'aa. Hiyo ndiyo bembea yao ya kuteleza. Ukiona kaptula yenye viraka viwili nyuma, usimwonee huruma mwenye nayo, ni bingwa.

Penseli nzuri iache nyumbani. Ukiiazimisha haitarudi, na ikirudi itakuwa nusu, kwa sababu nusu ya pili iko kwa mdogo wake Darasa la Kwanza.

Kisha jiandae kwa idadi. Kiwango cha Serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Ukihesabu ukafika 45 usishangilie, umemaliza safu za mbele tu. Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, watoto wamemiminika. Wala hiyo haikuwa mara ya kwanza. Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililopitishwa kando ya ziwa hili hili la Victoria, lilitaka kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo mwishoni mwa 1977, na vyumba vikajaa kabla walimu hawajapatikana. Kwa hiyo msongamano utakaoukuta si bahati mbaya. Ni matokeo ya taifa kuamua, zaidi ya mara moja, kwamba mlango ufunguliwe kwanza na madawati yatafuata. Yako njiani.

JUMATATU: NAMBA, NDIYO NA MONITA

Kengele ni rimu ya gari iliyoning'inizwa mwembeni. Kabla ya saa 1:00 asubuhi utaona watoto wakikimbia na mifagio na vidumu vya maji: wanawahi namba. Nawe wahi. Mwalimu wa zamu hawezi kukuchapa, lakini anajua kuangalia saa kwa namna inayouma zaidi.

Mstarini zitakaguliwa kucha, nywele na soksi. Usiweke mikono yako mahali inapoonekana. Baada ya Wimbo wa Taifa mwalimu mkuu atakutambulisha na kuuliza kama wako tayari kukuheshimu. Wataitikia kwa pamoja: "Ndiyooo!" Jifunze hapo hapo kwamba ndiyo hiyo haina jibu ndani yake, ina sauti tu. Ukiuliza "Mmeelewa?" utaipata. Ukiuliza "Au hamjaelewa?" utaipata tena, kwa mvuto ule ule. Mwalimu wa mazoezi akiiamini siku ya kwanza, Ijumaa hulia chooni.

Darasani, usikimbilie ubao. Kwanza mtafute monita. Ni binti mdogo wa umbo, mwenye sauti ya mkuu wa wilaya, na ndiye anayeliendesha darasa hili tangu Januari. Ana karatasi iliyokunjwa mara nne. Ukiifunua utasoma, kwa herufi kubwa, WAPIGA KELELE, na chini yake:

Doto
Kulwa sana
Neema ×2
Masanja ×4

Kulwa na Doto ni mapacha, kama ilivyo desturi Usukumani, na usijihangaishe kuwatofautisha. Ukimwita mmoja, anaitika yule ambaye jibu analijua. Ila jina la Masanja liangalie vizuri. Limefutwa kwa mate mpaka karatasi ikatoboka, kisha likaandikwa upya pembeni. Maelezo yake ni kwamba Masanja huja na michembe mfukoni, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa na bibi yake, na monita naye ni binadamu. Jina lilifutwa saa ya mapumziko, michembe ikaisha, jina likarudi. Usiingilie kesi hii. Utawala ulioukuta una mahakama zake.

Masanja mwenyewe yuko dawati la mwisho. Ni mrefu kuliko wenzake kwa kichwa kizima, maana miaka yake ya mwanzo ilipotea kwenye kambi za uvuvi. Dawati lake wanakaa wanne, na mipaka imechorwa kwa chaki. Kiwiko kikivuka mpaka, kuna vita. Wiki hii utafika kwake mara nyingi kuliko unavyodhani.

JUMANNE: USICHEZE NA DAGAA

Chuoni uliambiwa utumie mifano kutoka katika mazingira ya mwanafunzi. Ushauri mzuri, ila hawakukuambia kwamba mazingira hayo mwanafunzi anayajua kuliko wewe.

Utaanza na machungwa ya kitabuni. Darasa litapiga miayo. Ndipo utapata wazo, utafuta ubao na kuandika kwa fahari: *Mama ana ndoo 6 za dagaa. Kila ndoo anaiuza shilingi 8,000. Atapata shilingi ngapi?*

Mikono itanyooka kama mianzi. Usifurahi. Hakuna anayetaka kujibu. Wote wanataka kuuliza.

"Mwalimu, dagaa wa wapi?"

"Wa hapo Mwaloni, Kirumba."

"Wabichi au wakavu?"

"Wakavu."

"Wa kuanikwa mchangani au wa kwenye chanja?"

Hapo utababaika, na watakufafanulia bila kuombwa. Wa mchangani wana mchanga, wengi huishia kwenye chakula cha kuku. Wa kwenye chanja ni wasafi, bei yake nyingine. Kisha kutoka dawati la mwisho litakuja swali la kumaliza kazi:

"Mwalimu, ni giza au ni mbalamwezi?"

Dagaa wa ziwa hili huvuliwa usiku kwa taa. Taa huwavuta penye giza. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima lina mwanga, taa haina kazi, na mitumbwi mingi hulala ufukweni. Dagaa wakipungua, bei inapanda. Kwa hiyo bei ya 8,000 bila kusema mwezi ukoje ni hesabu isiyokamilika, na Masanja, aliyekulia kambini, amekukosoa kwa haki. Kubali haraka. Sema ni giza, chanja, na wakavu kweli kweli.

Kabla hujageukia ubao, jibu litakuja kutoka kule kule nyuma: "Arobaini na nane elfu." Hakuandika popote. Alizidisha kichwani, kama anavyohesabu chenji kila jioni kwenye meza ya mama yake mdogo, na mteja hajawahi kumwibia.

Sasa mwambie aandike. Nenda usimame nyuma yake. Penseli ni fupi kuliko kidole gumba. Anaandika 48, anasimama, anaongeza sifuri, anaangalia dari, anaongeza nyingine, kisha anafunga daftari kwa kiganja ili usione. Daftarini pana 4800. Elfu arobaini na tatu na mia mbili zimepotea kati ya kichwa na karatasi, na hakuna aliyeziiba.

Hapa mwongozo unaacha mzaha kwa aya moja. Mtoto huyu si mjinga wa hesabu. Anayo hesabu kamili, ila haina maandishi. Ukimwekea kosa jekundu na kupita, umemwambia kwamba anachokijua si kitu. Muulize badala yake: noti za elfu kumi zingekuwa ngapi, za elfu moja ngapi? Atakuambia nne na nane bila kupepesa. Chora nyumba za makumi elfu, maelfu, mamia, makumi na mamoja, mwambie aweke kila noti nyumbani kwake. Nyumba zitakazobaki tupu ndizo sifuri. Dakika 40 za kipindi zitakuwa zimeisha, na wengine mia moja na ushee watakuwa wamekwisha kuanzisha soko. Ni sawa. Walikuwa wanafanya hesabu.

Tahadhari ya mwisho ya Jumanne: kabla ya kutaja bei yoyote, uliza kama kuna mtoto ambaye mama yake anauza dagaa. Neema yupo. Jioni atafikisha taarifa nyumbani kwamba mwalimu mgeni amesema ndoo ni 8,000, na asubuhi mama atafika getini, kwa adabu zote, kuuliza umezitoa wapi bei hizo.

JUMATANO: FIMBO ISIYOCHAPA

Wiki yako inaweza kuangukia kampeni ya dawa za kichocho na minyoo. Ratiba ikiandikwa "zoezi la umezaji dawa", funga andalio lako la Sayansi. Hutalifungua leo.

Mambo yatakwenda hivi. Uji kwanza, mzito, kwa kila mtoto, kwa sababu prazikwanteli ikimezwa tumbo likiwa tupu huleta kichefuchefu kikali zaidi. Kisha itasimamishwa ukutani fimbo ndefu yenye rangi na namba. Mtoto anaiegemea, urefu wake unaonyesha idadi ya vidonge: sentimita 125 hadi 138 ni vidonge 2, akivuka hapo ni 2 na nusu. Haihitaji mizani wala umeme. Watoto wanaoijua fimbo kwa kazi nyingine hupumua kwa nguvu wakigundua hii inapima tu.

Kazi yako ni ndoo ya maji na vikombe. Ila macho yako yawe kwenye magoti. Vidonge ni vikubwa na vichungu, habari hiyo imekwisha kuenea tangu kaka zao, na mtoto mwenye akili akifika kwenye fimbo hukunja magoti kidogo, polepole, uso ukiwa mtulivu kabisa. Masanja atapungua sentimita kadhaa mbele ya macho yako. Sketi huficha zaidi kuliko kaptula. Sema "nyoosha", naye atarefuka ghafla kufikia vidonge viwili na nusu, akikutazama kwa majonzi ya mtu aliyesalitiwa.

Baada ya hapo watataka kukaa chini ya mwembe. Wengine tumbo litasokota, wengine kichwa kitazunguka. Kaa nao karibu na mwone mhudumu wa afya mapema ikizidi. Utaona nafasi nzuri ya kufundisha ulichokiandaa: kwamba Mjerumani Theodor Bilharz alimgundua mnyoo wa kichocho kule Cairo mwaka 1851, kwamba mayai hutoka na choo au mkojo wa mgonjwa, kwamba yakifika majini, viluwiluwi vyake huingia ndani ya konokono, vikakomaa, vikatoka, vikapenya ngozi ya mtu anayeoga au kufua. Utasema yote hayo vizuri. Masanja, bado amenuna, atauliza:

"Mwalimu, tukimeza asubuhi, halafu jioni tukaenda kuoga ziwani, inakuwaje?"

Usikimbie swali hili. Jibu la kweli ni kwamba dawa inaua minyoo iliyomo mwilini leo, haizuii mipya kuingia kesho. Ukisema hivyo, utafuata ukimya, kisha Kulwa, au Doto, atauliza: "Sasa tuoge wapi?" Watoto hawa wanajua ni nyumba ipi ina bomba na bomba lipi linatoa maji siku gani. Usiwatume nyumbani na amri ya kutokugusa ziwa. Wazazi wao wanakula kwa ziwa hilo. Zungumzeni wanachoweza: choo kitumike, mtu asijisaidie majini wala ufukweni, maji ya kuoga yanayochotwa ziwani yakae ndooni siku mbili, maana kiluwiluwi kisichompata mtu kwa muda huo hufa. Hilo la mwisho watalibeba nyumbani wenyewe, kwa sababu ni jambo la kumshangaza bibi.

ALHAMISI: MVUA, MKUFUNZI NA SPEKE

Mkufunzi wa chuo atakuja kukutathmini Alhamisi, na Alhamisi itanyesha. Mvua za hapa hupenda kutoka ziwani asubuhi, na paa ni bati lisilo na dari. Itakapoanza, utaona mdomo wako unatembea bila sauti. Usishindane nayo. Andika ubaoni. Usifute mapema, la sivyo kelele za "bado mwalimuuu" zitaishinda hata mvua.

Katika Jiografia na Mazingira, ukifundisha usafiri, usitaje kivuko cha Kigongo kwenda Busisi kana kwamba ndiyo njia. Daraja lilizinduliwa Juni 2025, lina urefu wa kilometa 3, na kuna mtoto aliyelipita kwa basi akiwa dirishani. Mwache asimulie, mkufunzi ataandika "ushirikishwaji mzuri".

Katika Historia ya Tanzania na Maadili, kuwa mwangalifu na John Speke. Utasema alifika hapa Agosti 1858, akaliona ziwa kutoka kilima cha Isamilo, akaliita Victoria kwa heshima ya malkia wake. Wanaokaa Isamilo wako wengi darasani.

"Alipita kwa mwenyekiti wa mtaa kwanza?" atauliza mmoja, kwa nia njema kabisa. Mgeni yeyote anayefika mtaani hupita kwa mwenyekiti. Hata wewe umepita.

Ukikwama, rukia kwa Nyerere. Sema alianza shule ya msingi Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na miaka kama 12. Watoto watapiga hesabu kwa vidole na kushangaa: alikuwa mkubwa kuliko wao, na yuko la kwanza! Usimtazame mtu yeyote wakati huo. Endelea kuandika ubaoni, halafu baada ya kitambo geuka kwa kisingizio cha chaki. Masanja, mwenye miaka 12, atakuwa amekaa wima.

MISEMO YA KUCHUNGA

"Naomba kwenda nje." Ruhusa ikitolewa kwa mmoja, kibofu cha darasa zima hujaa.

"Mwalimu wetu hafanyi hivyo." Mwalimu wao anafanya hivyo hivyo.

"Alianza yeye." Ni kweli kwa pande zote mbili.

"Nimemaliza!" Amemaliza kuandika tarehe.

"Mwalimu, huyu hana peni." Anayesema ndiye aliyekaa juu ya peni.

IJUMAA: FAGIO, JEMBE NA MLIMA WA MADAFTARI

Ijumaa ni usafi wa jumla. Tangu Nyerere aandike juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, fagio na jembe vina heshima yake shuleni, na watoto wataangalia kama nawe unashika au unanyooshea kidole tu. Shika.

Kisha Sanaa na Michezo. Wanaotafuta nafasi ya kwenda UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, watakimbia hadi vumbi lifiche goli. Wengine watacheza bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma, ile inayotumbuizwa pia kwenye sherehe za Bulabo kule Bujora, Kisesa. Utaitwa katikati. Cheza, mabega yafuate ngoma, watakushangilia hata ukikosea. Ila jembe likianza kurushwa juu na kudakwa, rudi pembeni kwa heshima. Hakuna alama za mazoezi zinazolipia jino.

Mchana utakutana na madaftari zaidi ya mia. Watoto watakuzunguka mezani wakisubiri vema, na anayeipata ataizungusha darasa zima, hadi kwa watoto wa mkondo B ambao hawahusiki. Sahihisha kwa haki. Ukifika kwenye daftari lenye alama ya kiganja kilichokuwa na mafuta ya samaki, lifungue taratibu. Pana 48,000, sifuri zote tatu ziko nyumbani kwao.

TATHMINI

Sehemu ya mwisho ya andalio la somo inadai tathmini. Kwa mazoea ya kazi, hapo huandikwa: "Asilimia 80 ya wanafunzi wameelewa somo." Hakuna aliyewahesabu. Ni ndiyo ile ile ya mstarini, safari hii imevaa tarakimu.

Andika unachokijua. Andika kwamba Masanja anazidisha kichwani na sasa anajua sifuri inakaa wapi. Kwamba Neema anasoma vizuri ila hutamka polepole sana kwa sababu dawati lake liko nyuma ya nguzo na haoni ubao. Kwamba mapacha wahamishwe, mmoja mbele, mmoja dirishani. Ni majina manne kati ya mia na zaidi, na wiki moja haitoshi kwa mengine. Mkufunzi anaweza kukuuliza asilimia iko wapi. Mwonyeshe madaftari.

Ukimaliza, pita ofisini kuweka sahihi kwenye kitabu cha mahudhurio, na utupie jicho ubao wa matangazo. Mwalimu mkuu ameona ulivyoshika fagio. Zamu ya wiki ijayo ni yako, kuanzia Jumatatu alfajiri, na ufunguo wa chaki unao wewe.